Kutu Chini ya Mpira

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha alasiri, dakika kumi tu, na gari limeingia maji.

Nimepiga chapa maneno ya watu kwa miaka ishirini na saba: barua za mabosi, hukumu, taarifa za vikao ambavyo hata waliohudhuria hawakuvisikiliza. La kwangu sijawahi kuliandika. Naanza leo kwa sababu humu ndani hakuna wa kuzungumza naye. Mume wangu alipigwa na kiharusi mwaka jana. Upande wake wa kulia umekufa, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, na alikuwa nayo mengi, limebaki moja: asante. Ukimlisha, asante. Ukimfinya bila kukusudia unapomgeuza, asante. Akikasirika hadi mishipa ya shingo ikasimama, asante, asante, asante. Daktari anasema hutokea hivyo, neno moja hunusurika na hakuna ajuaye kwa nini hilo. Tuna miaka thelathini na nane ya ndoa, na hilo ndilo neno ambalo sikuwahi kulisikia kwake.

Gari ni la spoti, jekundu, milango miwili, la zamani kuliko binti yetu. Alilinunua kwa jina langu ili ofisini wasiulize mkaguzi wa shule kalipata wapi. Kwa hiyo kwenye kadi mwenye gari ni mimi, na sijakalia kiti chake hata siku moja. Mwanzoni alisema viatu vyangu vina mchanga. Baadaye hakuhitaji tena kusema.

Jana alikuja daktari wa meno wa mtaa wa pili, ambaye amelimezea mate gari hili tangu akiwa na nywele. Alibonyeza mpira wa kioo cha mbele kwa kidole gumba, vikadondoka vipande vya kutu, vya kahawia, kama meno mabovu.

"Mama, huku chini kumeoza," alisema. "Fremu za vioo vyote. Zitengeneze kabla ya msimu wa mvua kwisha, nami nalichukua."

Nilisema sawa. Nilisema mbele ya mume wangu, kwa sauti, ili asije akafikiri hakusikia vizuri.

Jumatatu, 4 Machi

Nimemleta fundi wa bodi. Watu humwita Patasi, kwa sababu ni mwembamba na bapa na hupenya popote. Alilizunguka gari mara mbili akigonga kila pembe ya kioo kwa kifundo cha kidole, kichwa kakiinamisha, kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Hapa hai," akasema. "Hapa hai. Hapa marehemu. Hapa marehemu. Hapa, mama, ni ukoo mzima."

Nilicheka. Kisha nikamwuliza kama anamkumbuka mwenye gari.

"Mimi sura ya mama yangu mzazi imeanza kunitoka. Ile siku haijanitoka."

Ile siku niliiona dirishani. Patasi wakati huo alikuwa kijana mwenye kazi yake, amepaka rangi mlango wa kushoto na kuacha alama ya kidole chini ya kitasa. Mume wangu alimrudisha, akamvua shati mbele ya watu wanaotoka kazini, akampigisha magoti barabarani, akamwambia asugue kwa shati hilo mpaka alama itoke. Ilipotoka akamwambia alivae.

"Mzee atakuwa anakaa wapi wakati wa kazi?" Patasi aliuliza.

"Pale barazani. Kiti chake nitakisogeza aone vizuri."

Akanitazama kidogo. "Basi tutaelewana, mama."

Jumanne, 5 Machi

Vioo vimetoka. Kazi yenyewe ni hivi: unaukata mpira kwa wembe kuzunguka kioo, fundi anaingia ndani, analala chali kitini na kusukuma kioo kwa nyayo, polepole, wewe uko nje unakipokea. Kioo cha mbele kilikuja mikononi mwangu kizito na chenye ubaridi. Chini yake, ukingo wa bati ambao kioo hukalia ulikuwa umelika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

"Unaona?" Patasi alisema. "Juu kunang'aa, mzee alikuwa anapiga nta kila Jumapili. Maji yameingia chini ya mpira, yakakaa. Kikulacho ki mpirani mwako."

Mume wangu aliona kila kitu. Mkono wa kushoto ulikuwa ukipiga kiti, taratibu, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua kutwa. Gari chini ya turubai.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Ameharibu shuka mara mbili.

Jumamosi, 9 Machi

Jua limetoka, na Patasi amekuja na mashine ya kukatia. Sikuwahi kujua chuma hulia hivyo. Cheche ziliruka hadi ngazi ya baraza. Alikata ukingo wote wa chini wa kioo cha mbele, akaunyanyua juu kama samaki, akauliza, "Mzee, nikuwekee?"

Mume wangu akalia. Sijawahi kumwona akilia. Hakulia alipomzika baba yake. Machozi yalishuka upande mmoja tu, ule ulio hai, na mdomo ukasema, "Asante. Asante."

"Karibu sana," Patasi akajibu, akiinama kwa adabu.

Nilicheka mpaka nikaketi ngazini. Nilipofuta macho nilihisi mwili mwepesi, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Nayaandika haya jinsi yalivyo, maana kwenye karatasi yangu mwenyewe sina wa kumpendezesha.

Jumatatu, 11 Machi

Patasi amenipa brashi ya waya na msasa. Anasema vidole vyangu vina subira kuliko vyake. Nimesugua fremu ya mlango wa kushoto saa tatu nzima, na kutu ikaniachia bati jeupe, safi, urefu wa kiganja. Nilikusanya unga wa kutu kwenye kisosi nikampelekea mume wangu, nikakiweka mapajani pake.

"Gari lako," nikamwambia.

Kisosi kilikaa hapo hadi jioni. Hakuweza kukitoa.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua imetufungia ndani, na nitaandika jambo ambalo sijapata kumsimulia mtu.

Binti yetu alipokuwa na miaka sita nilikuwa na mimba ya pili, mwezi wa nane. Nilianza kutoka damu asubuhi, nikiwa jikoni. Mume wangu alikuwa nje anapiga gari nta. Nilimwita. Alikuja, akaitazama sakafu, akanitazama, akatazama nje. Akasema, "Utachafua viti."

Akaenda kutafuta gari la kukodi. Kwa haki yake niseme alikwenda mbio. Lakini ilimchukua zaidi ya saa, na lake lilikuwa pale, funguo mfukoni mwake, hatua kumi kutoka mlangoni. Mtoto alitoka akiwa ameshakufa. Alikuwa mvulana. Nilikuwa nimemfumia shali ya sufu, ya manjano, yenye pindo la kijani, na kwenye safu ya nne kuna kosa, niliruka macho mawili ya uzi nikaona uvivu kufumua. Mimi nililazwa siku tisa. Mazishi aliyasimamia wifi yangu, Mungu amrehemu. Aliniambia, "Usijali dada, nimemviringisha kwenye shali yake." Hilo ndilo lililonisimamisha. Kwa miaka yote hii, kila nikimfikiria, nimemfikiria akiwa na joto.

Mume wangu hakuwahi kulitaja. Wiki iliyofuata alinunua vifuniko vya viti.

Jumapili, 17 Machi

Daktari wa meno kapita kuchungulia. Kafurahi. Kampungia mume wangu mkono kama anavyopungiwa mtoto.

Jumanne, 19 Machi

Leo tulifika kioo cha nyuma.

Mume wangu alikuwa akijigamba kwamba bodi ya gari hili haijaguswa, kwamba kila bati lake ni lile lililotoka kiwandani. Patasi aligonga pembe ya chini, kulia, chini ya kioo, akatikisa kichwa. "Hapa pana uongo. Hili si bati, ni puti." Akaweka tindo, akapiga nyundo mara moja. Puti, lile tope gumu la kuzibia mabati, ikabanduka bonge zima, nene kama kisigino cha kiatu. Nyuma yake palikuwa na tundu la kuingia ngumi.

"Kajitengenezea mwenyewe huyu," alisema. "Kasokomeza matambara, kafunika na puti, kapaka rangi. Kazi ya mwizi. Ndiyo maana pameoza hivi, tambara linanyonya maji, linayatunza."

Akaingiza koleo akaanza kuvuta. Likatoka gazeti, limekuwa uji. Kikatoka kipande cha soksi. Kisha kikatoka kitu kirefu, cheusi kwa maji na kutu, kikawa kinakuja tu, kinakuja, na mwishoni kabisa, pale palipokuwa pamebanwa bila kufikiwa na maji, kilikuwa cha manjano.

Nilikichukua. Nilikwenda nacho bombani nikakisuuza. Maji yalitoka ya kahawia, kisha ya chungwa, kisha yakatakata. Pindo lilikuwa la kijani. Nikahesabu safu kutoka chini. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne palikuwa na macho mawili yaliyorukwa.

Patasi aliuliza kitu, sikumbuki nini. Nilipanda barazani na shali ikinichuruzika miguuni. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake ili macho yetu yawe sawa.

"Unaijua hii?"

Akaitazama. Akanitazama.

"Uliichukua wapi? Kaburini? Dada yako aliniambia mtoto kazikwa nayo. Ilifikaje kwenye gari?"

"Asante," alisema.

"Ulijua ni ya nani?"

"Asante."

"Tikisa kichwa. Hilo unaliweza, daktari kasema unaliweza. Ulijua?"

Kichwa kilitikisika. Kiharusi kimemwachia mtikisiko ambao hauna maana, unakwenda juu chini na kushoto kulia kwa pamoja, kama ndoo kisimani. Nilimshika mashavu kwa mikono miwili yenye maji ya kutu nikamtuliza, nikauliza tena. Akafumba macho. "Asante, asante, asante," akasema, na mate yakamtoka.

Nilimpiga kofi. La kwanza maishani mwangu kwa mtu yeyote. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Nikampiga la pili ili nisikie vizuri.

Nilipogeuka, Patasi alikuwa amesimama na koleo mkononi, anatabasamu.

Jumatano, 20 Machi

Shali nimeianika ndani, nyuma ya mlango wa chumba changu. Mume wangu nimempa uji wa baridi, wenye utando.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemwambia gari linakwenda kukatwa vyuma chakavu. Si kweli. Nimemwambia mara nne.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemwondolea mto wa mgongoni.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua, na uji wa baridi.

Alhamisi, 28 Machi

Patasi amemaliza kuchomelea. Amekata vipande vya bati jipya, akavikunja kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha reli, akavishona mahali pa vilivyooza, kimoja kimoja. Kwa mikono ni msanii. Mshono wake ukiupitishia kidole huusikii.

Lakini nimemwona leo. Nilikuwa jikoni, yeye akidhani niko chumbani. Alipanda barazani na mashine ya kukatia, akaiwasha, akaishika karibu na sikio la mume wangu. Hakumgusa. Aliishikilia tu ikipiga kelele, akimtazama usoni kwa makini, kama anavyotazama bati likiiva moto. Mume wangu alikuwa amejikunyata upande mmoja wa kiti, mkojo unachuruzika.

Mwanzoni nilimwona Patasi ni mtu aliyeonewa. Kisha nikamwona ni mwenzangu. Leo nimeona uso wa mtu anayekula taratibu ili chakula kisiishe, na nikajua huo uso nimeuvaa mimi wiki nzima.

Ningeweza kupiga kelele. Niliurudisha mlango wa jikoni, nikaendelea kukatakata vitunguu.

Jumatatu, 1 Aprili

Tumepaka rangi ya kuzuia kutu, mkono wa kwanza. Patasi anasema ikipata maji kabla ya kukauka, kazi yote ya mwezi imekwenda na maji.

Jumatano, 3 Aprili

Naandika haya mchana wa siku inayofuata, nikiwa kwenye benchi la hospitali, kwa kalamu ya kuazima.

Jana saa nane hivi tulipaka mkono wa pili. Fremu zote zilikuwa wazi, za kijivu, mbichi, hakuna kioo hata kimoja. Mume wangu alikuwa barazani, kiti kimeelekezwa kwenye gari kama kawaida. Mbingu ilikuwa safi. Kisha upepo ukaja kutoka upande ambao hautoki kamwe, upande wa baraza, na nyuma yake mvua, ukuta mzima, ikija inatembea barabarani.

Turubai ni moja. Patasi alikuwa ameshalishika ncha. Aliniangalia, akaangalia barazani, ambako maji yalikuwa yanaingia kwa ubavu, kiti kimeshalowa miguu.

"Mama?" alisema. Hilo tu.

"Funika gari," nikasema.

Tulilifunika. Upepo ulikuwa unalipokonya, tukafunga kamba mbele, tukafunga nyuma, Patasi akakimbilia kwenye kibanda cha vifaa. Mimi nilikuwa upande wa mlango wa dereva. Ningeweza kupanda ngazi saba nikamvuta ndani. Niliinua ukingo wa turubai, nikafungua mlango wa gari, nikaingia, nikaketi.

Ndiyo mara ya kwanza. Kiti kilikuwa laini na kilinishika kiunoni kama mkono wa mtu. Palinuka rangi na unyevu. Pale ambapo kioo cha mbele kingekuwa, turubai lilikuwa limeinuka kidogo kwa upepo, likaacha mwanya wa kiasi cha viganja viwili, na kwenye mwanya huo nilimwona. Kichwa kilikuwa kimeanguka begani. Maji yalikuwa yakimpiga usoni na hakuweza kugeuka. Mdomo ulikuwa unafunguka na kufumba. Kwa kelele ile sikusikia kitu, lakini sikuhitaji kusikia.

Nilikaa. Nilijiambia nitahesabu mpaka mia. Nilihesabu mpaka mia, nikaanza tena. Mikono yangu niliiweka kwenye usukani. Mvua ilichukua muda wa saa nzima, labda zaidi, na sikutoka, wala sikuhesabu tena. Nilimtazama tu. Nilifikiri juu ya sakafu ya jikoni. Nilifikiri, sasa unangoja gari wewe.

Ilipokatika nilitoka. Fremu zilikuwa kavu. Yeye alikuwa wa kijivu kama rangi ile, na alipumua kwa sauti ya mtu anayeburuta gunia.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimonia, mapafu yote mawili. Muuguzi aliuliza alilowaje. Nikasema baraza letu halina ukuta. Akaandika.

Jumatatu, 8 Aprili

Binti yangu amefika. Alikwenda hospitali moja kwa moja, kisha akaja nyumbani, macho yamemvimba. Kwake huyu mtu ni baba aliyekuwa akimpeleka shule kwa gari jekundu, wenzake wakiona wivu. Mfunge mtu macho kwa upendo, hutamfungua kwa maelezo.

Hakuniuliza mimi kwanza. Alimwuliza Patasi, uani, nami nikasikia kila neno.

"Fundi, siku ya mvua baba alikuwa wapi?"

"Barazani."

"Na nyinyi?"

"Tulikuwa tunafunika gari. Mama ndiye aliyesema tufunike gari. Mimi ni fundi tu, dada, naambiwa nafanya."

"Na baadaye? Mlipomaliza?"

Patasi alifuta koleo lake kwa tambara. "Mama aliingia garini," akasema. "Akakaa."

Nilingoja nimchukie. Sikuweza, maana hakusema uongo hata neno moja.

Jumanne, 9 Aprili

Hatusemezani. Anafua nguo za baba yake. Kila nguo anainusa kwanza.

Jumatano, 10 Aprili

Alianza yeye, asubuhi, akiwa amesimama, chai yake haijaguswa.

"Mama, niambie fundi kanidanganya."

"Hajakudanganya."

"Ulimtazama?"

"Nilimtazama."

Akaweka mkono mdomoni. Nikaona afadhali ajue yote. Nilimsimulia juu ya jikoni, damu, viti. Alikuwa na miaka sita siku ile, kwa jirani, na walimwambia mama anaumwa tumbo. Nilimsimulia juu ya mdogo wake. Alikaa kitini. Kisha nikaenda chumbani nikaleta shali, nikaiweka mezani kati yetu, nusu nyeusi nusu ya manjano, nikamwambia ilikotoka.

"Mtoto wangu kazikwa mtupu," nikasema, "na baba yako akaichukua nguo yake akaifanya tambara la kuzibia tundu la gari. Sasa niambie na wewe ungefanya nini."

Hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama shali. Rangi ilikuwa inamtoka usoni kama maji yanavyotoka kwenye beseni lililotoboka.

"Hii," alisema. Akagusa pindo la kijani. "Mama, hii nilimpa mimi."

Sikumwelewa.

"Nilikuwa darasa la pili. Baba alikuwa anatengeneza gari, mikono imejaa puti, akaniambia kimbia kalete matambara, haraka, inakauka. Nikaenda stoo. Kulikuwa na kasha ambalo shangazi aliliacha kwetu. Matambara ya juu yalikuwa mazuri, nikaogopa kugombezwa, nikachukua ya chini kabisa. Nikadhani ni ya zamani, hayana mwenyewe." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nilifurahi kwa sababu alinisifu. Alisema, hili ndilo lenyewe."

"Aliiona? Aliifungua akaiona?"

"Aliikunja tu akaisukuma ndani. Alikuwa anapiga mluzi."

Kwa hiyo wifi yangu ndiye aliyeniongopea, labda kwa huruma, na kuificha asijue la kufanya nayo. Binti yangu ndiye aliyeileta. Na mume wangu hakuijua. Angeijuaje? Miezi niliyokuwa nikiifuma hakuwahi kuuliza nafuma nini. Hilo ni kosa lake na nitalishikilia mpaka nife. Lakini silo nililompigia. Silo nililomnyimia mto, wala silo nililomwachia mvuani. Nilimwadhibu kwa kujua, naye hakujua.

Binti yangu alikuwa ameinamia meza. Nilinyoosha mkono nimshike bega.

"Usiniguse, mama," akasema.

Jumapili, 14 Aprili

Hospitali wamemruhusu. Binti yangu amemchukua kwake. Alikuja kuchukua nguo zake na dawa. Shali pia ameichukua. Hakuniomba, nami sikumzuia.

Alhamisi, 18 Aprili

Tumerudisha vioo. Mpira mpya huvalishwa kioo kwanza, kisha unapitisha kamba nyembamba ndani ya mfereji wake kuzunguka kote, unakipachika kioo kwenye fremu, mmoja anasukuma kwa nje, mwingine ndani anavuta kamba, na mdomo wa mpira unapanda juu ya ukingo wa bati inchi kwa inchi. Mimi ndiye niliyevuta. Tulikuwa kama wezi wawili wanaorudisha mali.

Alipomaliza aliosha mikono, akasimama, akasema, "Mama, mzee hajambo?"

"Anapumua."

"Nilitaka nimwone siku moja akiwa kama nilivyokuwa mimi." Akazifunga spana zake kwenye kitambaa. "Nimemwona. Usingizi haujarudi."

Alhamisi, 25 Aprili

Daktari wa meno aliulizia maji. Tukafungua bomba, tukamwagia gari dakika ishirini, kioo baada ya kioo. Yeye aliketi ndani na gazeti kavu mapajani ili aone tone. Halikuingia hata moja. Alitoka akicheka kwa furaha, akaniambia hajapata kuona fremu zilizotengenezwa hivi, kwamba zitatuzika sote.

Jumamosi, 27 Aprili

Limekwenda. Uani pamebaki mstatili mkavu usio na majani.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Sina la kufanya kwa mikono.

Jumapili, 12 Mei

Leo binti yangu ameniruhusu. Alisema saa sita, wakati wa kumlisha, si zaidi.

Wamemweka chumba cha mbele, penye mwanga. Amenyolewa ndevu. Kuna mto mgongoni na mwingine chini ya mkono uliokufa. Amekonda, na kifua bado kina ile sauti ya gunia, lakini mashavu yana rangi. Nilisimama mlangoni kwa muda, viatu nimevivua.

Binti yangu alinipa bakuli la uji. Yeye alisimama kando ya ukuta, mikono kaifumbata, hakutoka. Nilivuta stuli nikaketi. Niliuonja uji kwanza. Ulikuwa wa vuguvugu, mtamu kiasi. Nilichota kidogo, nikakiinua kijiko.

Alifumba macho. Akakaza taya, akaingiza kichwa katikati ya mabega, na mkono ule wa kushoto ukapanda, ukasimama mbele ya uso wake. Akangoja hivyo. Sikujua anangoja nini. Mambo aliyoweza kuyangoja yalikuwa mengi, na yote nilikuwa nimemfanyia mimi.

"Ni uji," nikasema. "Ni uji tu, mume wangu. Si wa baridi."

Hakufumbua macho. Nilikaa na kijiko kimeinuliwa. Uji ukaanza kupoa, ukashika utando, na bega langu likaanza kuuma. Sikukishusha kijiko, kwa sababu niliogopa kwamba nikishusha mkono kwa ghafla atashtuka zaidi.

Mwishowe binti yangu alikuja. Alinitoa kijiko vidoleni taratibu, bila hasira, akakirudisha bakulini na kukoroga. Akainama, akamnong'oneza baba yake kitu sikioni. Mkono ule ukashuka. Taya zikalegea, na mdomo ukafunguka kama wa ndege.

Nilisogeza stuli ili apate nafasi. Alimlisha mpaka bakuli likaisha, mimi nikiwa nimekaa pale. Kisha nikalichukua, nikaenda nalo jikoni, nikaliosha.